Kadi Nilizozipanga Mimi

Magomeni, Dar es Salaam
Jumatano, baada ya swala ya alasiri

Kwa ndugu yangu wa baba na mama, Athumani, Vuga.

Amani ya Mwenyezi Mungu na rehema zake ziwe juu yako, juu ya shemeji yangu Mama Zaina, juu ya wanetu wote, na juu ya mama yetu ambaye bado Mola anatubariki kwa pumzi yake. Natumaini kifua chake kimepata nafuu, maana najua miezi hii ukungu hauondoki bondeni mpaka saa nne, na yeye hakubali kukaa ndani hata akiombwa. Mwili wangu ni mzima. Juu ya moyo wangu nakuomba usiulize mpaka uwe umefika mwisho wa karatasi hizi.

Uisome peke yako kwanza. Usiisome barazani, wala usiisome kwa sauti. Ukishaimaliza, msomee shemeji. Baada ya hapo muiteni Zaina, nanyi mkae naye wawili, mumsomee mahali nitakapopaonyesha.

Mdogo wangu, nina hofu. Tangu baba afariki nami nikabaki mahali pake, sijawahi kukuandikia neno hili. Leo naliandika kwa sababu limeishinda haya yangu.

Barua yako ya furaha ilinifikia Ijumaa, nikaisoma baada ya kutoka msikitini. Umeniambia kwamba Zaina amechaguliwa kwenda sekondari, naye ni mmoja tu katika darasa lote, kwa kuwa shule yenu ilipewa nafasi moja mwaka huu. Umeniambia umechinja mbuzi, maulidi yamesomwa, na mwalimu mkuu amesimama mbele ya watu akasema kwamba mtambo wa serikali ulioko Dar es Salaam hauna upendeleo, nao umeona ndani ya Zaina jambo ambalo yeye mwenyewe alishindwa kuliona kwa miaka saba. Watu wakamshangilia.

Kisha mwishoni, kama mtu anayetaja habari ya mvua, ukaandika kwamba Agnesi hakuchaguliwa: yule binti wa mjane wa Kilutheri anayeuza pea na plamu pale Soni, aliyeshika nafasi ya kwanza tangu darasa la pili, na ambaye ndiye aliyekuwa akimfundisha Zaina hesabu jioni. Ukasema tangu majina yabandikwe anabeba tenga la plamu nyuma ya mama yake wala hazungumzi na mtu. Na chini yake ukaongeza: "Zaina naye halali vizuri. Anasema swali la mwisho la hesabu hakulimaliza. Nadhani ni furaha."

Hapo nikaikunja barua, Athumani. Nilikumbuka kadi nilizozipanga mimi.

Wajua kazi yangu ni masjala. Miaka yote hii nimepokea barua, nimezipa namba, nimezitia katika majalada, na mtu akitaka karatasi ya miaka sita iliyopita mimi ndiye niliyemtolea. Mwaka jana wakatuletea mtambo wa kuhesabu ambao wenyewe wanauita kompyuta. Ni makabati ya chuma yaliyosimama safu kwa safu katika chumba kilichotiwa mashine ya baridi, hata ukiingia unadhani umepanda mlima wa Magamba. Wakubwa walitukusanya wakatuambia kwamba taifa linalojitegemea haliwezi kuchagua watoto wake kwa kujuana. Binadamu ana shangazi na mjomba, mtambo hauna. Mitihani ya darasa la saba ya sehemu chache ingejaribiwa humo kwanza, na mkoa wetu ulikuwa miongoni mwa sehemu hizo. Nilifurahi. Nilisema moyoni kwamba huenda uadilifu umeshuka kwa njia ambayo wazee wetu hawakuitazamia.

Lakini lilikuwapo jambo moja lililonitisha tangu siku ya kwanza. Mlangoni mwa chumba kile kila mtu anavua viatu, mkubwa kwa mdogo, kwa ajili ya vumbi. Wanaingia kimya na kuzungumza kwa sauti ya chini. Nami kila nilipovua viatu vyangu mwili wangu ulidhani unaingia mahali pengine, ukanyenyekea pasipostahili kunyenyekewa. Nilimwomba Mungu msamaha kwa hilo zaidi ya mara moja. Sikujua kwamba madhara yangetokea upande huo huo.

Sasa nifuate taratibu, kwa sababu utaulizwa.

Kila mtoto ana kadi mbili ngumu zilizotobolewa matundu. Kadi moja ina jina lake na shule yake. Nyingine ina alama zake tu, bila jina, ili anayesahihisha asijue anamsahihisha mtoto wa nani. Kadi za majina zinapangwa katika sinia moja refu la chuma, na kadi za alama katika sinia la pili, kwa mfuatano ule ule. Mtambo unachukua kadi ya kwanza huku na kadi ya kwanza kule, unaandika mstari mmoja. Kisha ya pili na ya pili. Hauulizi chochote.

Masinia yote hupangwa na Bi. Tabitha, mama mmoja hodari mwenye maneno mengi, ambaye ananiita Shehe ingawa nimemwambia mara nyingi kwamba sijafika daraja hilo. Siku ilipofika zamu ya shule yenu, alikuwa amekwisha kupanga kadi za alama, akaitwa kwenye simu kwamba mwanawe ana homa. Nami nilikuwa nimesimama pale na majalada yangu. Nikaona jina la Vuga limeandikwa juu ya fungu la kadi. Athumani, sijaja nyumbani miaka miwili. Nikasema, "Bi. Tabitha, hili la kwetu niachie mimi."

Akacheka. "Chukua, Shehe. Lakini usiwaombee dua wote wakafaulu, sekondari hazitoshi."

"Nazipangaje?"

"Namba moja mpaka arobaini na moja, basi. Kazi ya mtoto wa chekechea."

Akaondoka. Nami nikafungua lile fungu kwa Bismillahi, nikazishika kadi za watoto wa kwetu moja moja, nikisoma majina ya koo ninazozijua. Nilizipanga kwa heshima. Namba moja nikaiweka mkono wa kulia wa sinia, ya pili ikafuata kushoto kwake, hivyo hivyo mpaka ya mwisho. Ndivyo tulivyofundishwa mimi na wewe katika chuo cha Kurani: kila jambo jema linaanzia kulia, na mstari unaanzia kulia, na mguu wa kuingilia ni wa kulia. Nilikuwa nimevua viatu. Nilikuwa nimetaja jina la Mungu. Sikuuliza mwanzo ni upi, kwa kuwa sikujua kwamba kuna wa kuuliza, wala Bi. Tabitha hakuniambia, kwa kuwa naye hakujua kwamba kuna asiyejua.

Mtambo unaanzia kushoto.

Umekwisha kuelewa. Majina yalipangwa kwa alfabeti. Agnesi ndiye namba moja katika darasa lile na Zaina ndiye wa arobaini na moja. Mtambo ulichukua jina la Zaina ukalipa alama za Agnesi, na mwisho ukachukua jina la Agnesi ukalipa alama za Zaina. Na wote walio kati wamepeana alama wasizozipata, isipokuwa mmoja tu, wa ishirini na moja, aliye katikati kabisa. Huyo peke yake amepata chake.

Jumatatu nilimuuliza Bi. Tabitha mtambo unaanzia upande gani, kisha nikamwomba anifungulie kabati ambamo kadi zinahifadhiwa mpaka shule zifunguliwe. Sinia la Vuga lilikuwa kama nilivyoliacha. Kadi ya kwanza kutoka kushoto ilikuwa ya mwanetu. Nikamwomba anisomee matundu ya kadi ya kwanza ya alama, maana yeye huyasoma kama sisi tusomavyo herufi.

"Huyu amezoa karibu zote," akasema.

"Na ya mwisho?"

Akaiinua kwenye mwanga. "Si mbaya, Shehe. Lakini si ya sekondari." Kisha akalitazama sinia la majina, akanitazama mimi, akaelewa. Ndipo akasema, "Funga kabati."

"Nifunge?"

"Funga, baba yangu. Mimi nina watoto wanne, wewe una mvi. Hatukuona kitu."

Nikafunga. Nakuambia hili ili usinidhanie mwema kuliko nilivyo. Nililifunga kabati lile kwa mkono wangu, nikarudi masjala, na mchana kutwa nilijisemea kwamba Zaina naye ana akili, kwamba Mungu humpa amtakaye, kwamba watoto wengi kama Agnesi hukosa nafasi kila mwaka na nchi inaendelea. Nilipokwenda kuswali nikajikuta naomba jambo lisitiriwe. Nikagutuka kwenye sijida. Nilikuwa namwomba Mwenye Haki anisaidie kuficha dhulma. Toka saa hiyo hofu iliyoniingia si ya binadamu peke yake.

Maana wewe na mimi tumesoma jambo hili mbele ya mwalimu mmoja, tukiwa tumekunja miguu kwenye mkeka mmoja. Mja akimkosea Mola wake, akatubu, mlango uko wazi. Lakini akichukua haki ya mja mwenziwe, toba yake inabaki mlangoni mpaka mwenye haki arudishiwe au asamehe kwa hiari yake. Agnesi yuko Soni, ana tenga kichwani. Hajui kwamba ananidai. Nikifa kesho nitakuta jina lake limenitangulia.

Jana asubuhi nikaandika maelezo yote, ukurasa mmoja na nusu, nikampelekea mkuu wa idara. Ni kijana aliyesoma ng'ambo, mwenye adabu. Huniamkia shikamoo kila siku, hata mbele ya wageni. Aliyasoma mara mbili.

"Mzee Hatibu, keti. Nani alipanga sinia hili?"

"Mimi, bwana."

"Na mtoto aliyefaidika ni wa nani?"

"Wa mdogo wangu. Tumelala tumbo moja."

Akavua miwani. "Mzee wangu, nakuheshimu kama baba. Sasa wewe uwe ndiye mimi. Masinia yote yamepangwa na Bi. Tabitha. Moja tu limepangwa na mzee wa masjala, ambaye si kazi yake, aliyeomba mwenyewe kulipanga. Na katika sinia hilo hilo binti wa nduguye amepewa alama za mtoto wa kwanza. Utamwambia mpelelezi kwamba ni adabu ya mkono wa kulia?"

"Nitamwambia kweli."

"Kweli yako inafanana mno na uongo," akasema. Hakusema kwa ukali. Nilimwona yeye naye anaogopa. Akanieleza kwamba mwakani mtambo unatakiwa uanze kushika na habari za hospitali, kwamba wako wakubwa wasioutaka wanaosubiri kosa moja tu, na kwamba siku hizi kosa linalotia hasara mali ya umma haliitwi kosa, linaitwa hujuma. Kisha akanisogezea karatasi yangu juu ya meza. "Ichukue. Sikuiona."

Nikaichukua, nikatoka. Ukumbini nilisimama sijui kwa muda gani.

Sasa sikiliza nililolifanya. Karatasi ikiwa mkononi mwa mtu inaweza kuchanwa, inaweza kusahauliwa mfukoni. Lakini karatasi ikishaandikwa katika daftari la barua zinazoingia, ikapigwa muhuri wa siku, ikapewa namba na kutiwa katika jalada, haiwezi kupotea pasipo mtu kuulizwa imekwenda wapi, na kila anayeshika jalada lile hana budi kuandika amefanya nini. Hiyo ndiyo kazi pekee ninayoijua vizuri duniani. Nilikaa mezani kwangu, nikafungua daftari, nikaiandika barua yangu mwenyewe kama ningeandika ya mtu mwingine: imetoka kwa Hatibu, karani wa masjala, inahusu kosa katika orodha ya watoto waliochaguliwa. Nikaipiga muhuri. Wino haukuwa umekauka nikalichukua jalada kwa mikono miwili nikalirudisha mezani kwake.

Aliiona ile namba. Akakaa akiitazama. "Mzee, umetufunga sote."

"Nimeanza kujifunga mimi, bwana."

Akaniamuru nirudi nyumbani, nisije kazini mpaka niitwe, nisitoke mjini. Nami nimekaa tangu jana. Sijala ila chai. Kila gari likipunguza mwendo katika mtaa huu wa mchanga nasimama, na likipita naketi. Jirani yangu amenisimulia, bila kujua ananisimulia nini, habari za mtunza ghala mmoja aliyechukuliwa mchana na Landrova, na hadi leo mkewe anapeleka chakula asichojua kama kinafika. Naogopa kufungwa katika umri huu. Naogopa mama kusikia kwa watu. Naogopa zaidi kwamba nitaulizwa na watu wenye sauti kubwa, nami nitasitasita, na kusitasita kwangu kutahesabiwa ushahidi.

Kwa hiyo nakuomba mambo haya, nami siyaombi kama kaka anayeamuru, kwa kuwa safari hii sina haki ya kukuamuru.

Zaina asisafiri. Najua umekwisha kumnunulia sanduku. Liache lilipo.

Mwendee mwalimu mkuu, umwombe aandike maendeleo ya Agnesi na ya Zaina kwa miaka yote, kama yalivyo katika madaftari yake, asipunguze wala asiongeze. Balozi wa nyumba kumi aweke sahihi. Barua hiyo iende kwa mkuu wa idara kwa posta ya rejesta, iandikwe namba ya jalada ambayo nimeiweka katika karatasi ndogo ndani ya bahasha hii. Bila hiyo, wao wana neno langu tu, na neno langu umeona linavyofanana na uongo. Shule zikishafunguliwa nafasi itakuwa imekaliwa, na hakuna atakayemwinua mtoto kwenye dawati kwa ajili ya karatasi. Nafahamu nakutaka uandikishe kwa mkono wako kwamba binti yako hastahili. Hakuna mwingine ninayeweza kumwomba.

Kisha nenda Soni kwa miguu yako, wewe na shemeji, mpaka kwa mama yake Agnesi. Usimtume mtu. Usingoje jibu la ofisi, maana akiisikia kwa serikali ataiita bahati, akiisikia kwako ataijua kuwa ni haki yake. Mweleze kwamba ni mimi. Akikutukana, pokea. Akikufukuza, keti nje ya uwanja wake hadi akuulize unataka nini. Usimwombe anisamehe, si wakati wake.

Hapa ndipo mumsomee Zaina.

Mwanangu Zaina, hukuiba kitu. Kosa ni la baba yako mkubwa, nawe utawaambia hivyo watakaokucheka kisimani, maana watakucheka. Ulisema kwamba swali la mwisho hukulimaliza. Katika jambo hili lote wewe ndiye uliyetangulia kusema kweli, nasi watu wazima tukaiita furaha. Mwendee rafiki yako kabla baba yako hajafika kwa mama yake, kama moyo wako unaweza. Kama hauwezi, sitakulaumu, kwa kuwa mimi nilihitaji siku nne.

Athumani, mfikishie mama mkono wangu, wala usimwambie zaidi ya kwamba kazi zimenizuia. Msalimu shemeji, na umwambie najua kilichomgharimu kumwacha Zaina asome wakati wenziwe wanalima. Ajue sijasahau hata siku moja ya siku hizo. Msalimu dada yetu aliyeolewa Zirai ukipata mtu wa kwenda. Msalimu imamu, umwombe anitaje baada ya swala pasipo kueleza sababu. Msalimu mwalimu mkuu, na umwambie kwamba kwa miaka saba macho yake yaliona sawasawa.

Kwa mama yake Agnesi usinipelekee salamu. Nimeliandika jina lake mara tatu katika orodha hii ya salamu na mara tatu nimelikata, kwa kuwa mtu hamsalimu aliyemshikia chake. Siku utakaponiandikia kwamba binti yake amepanda basi la Mombo na sanduku lake, siku hiyo ndiyo nitakapomwandikia, nikiwa popote watakapokuwa wameniweka.

Ni mimi kaka yako, ninayekuombea na kuhitaji dua yako,

Hatibu